Salfa ya korosho, kifua cha mtoto na maji ya bati: nani mkweli kati ya mama mkwe na jirani?

"Shikamoo daktari. Mi naishi Tandahimba, tumezungukwa na mikorosho, hata ukitoka mlangoni ni mkorosho. Kila mwaka kuanzia mwezi wa 6 mpaka wa 9 watu wanapuliza salfa, mume wangu anapuliza kwetu na anachukua vibarua kwa watu. Mtoto wangu wa miaka 6 kipindi hicho anakohoa sana usiku, kifua kinabana na kinalia kama filimbi, mvua zikianza anapata nafuu. Halafu tunakinga maji ya bati kwenye kisima cha simenti, mvua za mwanzo tunakuta unga wa njano chini, ikifika mwezi wa 12 maji yananuka mayai viza. Mama mkwe anasema hayo mambo ya tangu zamani, watu wanapuliza wanakunywa maziwa yanaisha. Jirani anasema salfa inaleta kansa tusile hata mabibo. Na wifi yangu mjamzito ndo anamsaidia kaka yake kujaza mashine. Nani mkweli? Tufanyeje, maana korosho ndo kila kitu kwetu."

Marahaba dada. Kwanza uniwie radhi, umeniita daktari lakini mi ni bwana afya, kazi yangu ni maji, hewa na madawa ya mashambani, kwa hiyo kifua cha mtoto nitakusindikiza mpaka njia panda halafu utaendelea na wenye kazi yao. Nikikuelewa vizuri una maswali kama manne hapo ila wasiwasi ni mmoja: huu unga unaotulisha, je unatuua? Mi naona mama mkwe na jirani wote wamekosea, ila kila mmoja kakosea upande wake, na kuna jambo moja hapo katikati ambalo hakuna aliyeligusa.

Tuanze na salfa yenyewe. Salfa ni kitu cha asili, kimo kwenye mayai, kwenye vitunguu, kimo mwilini mwako sasa hivi. Hii ya mifuko tunayogawiwa kuzuia ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaomaliza maua ya mikorosho, ni ya kiwandani, salfa nyingi duniani siku hizi inatolewa kwenye mafuta ya petroli na gesi wakati wa kusafishwa, halafu inasagwa laini kuliko unga wa sembe. Kwa maana ya sumu ya kumeza ni dhaifu sana, ukimeza kidogo kinachokupata ni tumbo kuharisha. Na kwenye orodha ya vitu vinavyojulikana kuleta kansa salfa haimo. Kwa hiyo mabibo kuleni, yaoshe tu vizuri kwa maji, na korosho yenyewe ina ganda gumu, unga wa juu haufiki kwenye kiini. Jirani hapo kawatisha bure, ingawa simlaumu maana kitu kinachowasha macho vile na kunuka vile lazima mtu akihofie.

Lakini kuwa sumu dhaifu ya kumeza na kuwa salama kuvuta puani ni mambo mawili tofauti kabisa, na hapa ndo mama mkwe anapopotea. Salfa ni kitu kinachokereketa. Ikigusa sehemu yenye unyevu, yaani macho, pua, koo, jasho la shingoni na makwapani, inawasha. Chembe kubwa zinanaswa puani na kooni ndo maana mzee wako, yaani mumeo, anatema makohozi ya njano jioni, chembe ndogo zinapita zinashuka mpaka kwenye mirija ya hewa. Kwa mtu mzima mwenye mapafu mazima atakohoa, atapiga chafya, kesho yuko shambani. Kwa mtoto mwenye mirija myepesi kukasirika habari ni nyingine, ule mrija unabana, ukuta wake wa ndani unavimba na unatoa ute, njia inakuwa nyembamba, hewa ikipita kwenye upenyo mdogo ndo unasikia hiyo filimbi. Hiyo filimbi dada uliyoisikia siyo kitu cha kuzoea.

Wenzetu wa California nao wanatumia salfa nyingi mashambani. Mwaka 2017 watafiti walitoa matokeo yao kuhusu watoto wa miaka 7 wa bonde la Salinas, watoto wa familia zinazofanya kazi mashambani kama za kwetu, wakaona salfa inayotumika ndani ya kilometa 1 kutoka nyumbani ikiongezeka, nguvu ya mapafu ya watoto inapungua na matumizi ya dawa za pumu yanaongezeka. Sasa utafiti wa namna hiyo unaonyesha vitu viwili vinatembea pamoja, hauapi kwamba hiki ndo kimezaa kile, na mashine zao na mazingira yao siyo yetu. Ila ukiuweka pembeni ya ulichoniandikia, mtoto anabanwa mwezi wa 6 anafunguka mvua zikianza, mi siwezi kukwambia ni bahati mbaya tu.

Hata hivyo usiibebeshe salfa mzigo wote. Miezi hiyohiyo ndo ya baridi na kiangazi, vumbi la barabarani lipo, watu wanachoma mashamba, mafua yanazunguka, na sababu ya baridi mnafunga madirisha mkipikia kuni jikoni na mtoto kalala chumba cha pili. Moshi wa kuni mwaka mzima unaichosha mirija, salfa ikija inakuta mlango umeshalegea. Chukua daftari la shule, kila siku andika vitu vitatu tu: leo wamepuliza karibu au hapana, tumepikia ndani au nje, usiku mtoto kakohoa au kalala. Wiki tatu zinatosha, na hilo daftari litamsaidia daktari kuliko maneno elfu.

Sasa kwa nini nyumba moja inaumia na ya jirani hapana? Salfa inapulizwa alfajiri kwa sababu mbili nzuri, umande unaushika unga kwenye maua na majani, na upepo umetulia. Tatizo ni kwamba hewa iliyotulia alfajiri ni ya baridi na imelala chini, unga haupandi juu kupotea, unatambaa kama ukungu kati ya miti na nyumba, na saa hiyo mtoto ndo yuko usingizini na dirisha halina kioo. Jua likipanda kusi linaamka. Miezi hiyo upepo wetu ni wa kusi, unatoka kusini mashariki, kwa hiyo mikorosho iliyo upande huo wa nyumba ndo inayokuletea mzigo ndani, ile ya upande wa pili wala haina shida sana. Simama mlangoni uangalie majivu ya jiko yanaruka kwenda wapi, utajua miti yako mibaya ni ipi. Mwambie mzee aanze na miti ya karibu na nyumba kukiwa shwari kabisa halafu aende akijitenga, na ile mistari miwili ya mwanzo upande wa kusi siku ya kuipuliza mtoto alale kwa bibi yake, tena mpaka kesho yake. Na muongee kijijini, mtendaji atoe tangazo kitongoji hiki kinapulizwa siku hii. Mtu kufunga dirisha, kuanua nguo na kufunika maji inahitaji ajue tu, haigharimu hata mia.

Mzee mwenyewe namuonea huruma. Wengi wanajifunga kanga au fulana mdomoni, ile inazuia mawe siyo unga. Barakoa za aina ya N95 ndo zinachuja vumbi laini, zikibana uso vizuri, na ndevu nyingi zinaharibu kubana. Miwani iwe ile ya kazi inayoziba pembeni. Shati la mikono mirefu, gambuti, na akirudi nguo azivulie nje, aoge kabla ya kumbeba mtoto, manake ukimpakata mtoto na shati la salfa ni kama umempeleka shambani. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Ikiingia machoni ni maji safi yanayotiririka dakika 15, usimtie maziwa ya mama wala maji ya sukari. Na asivute sigara karibu na mashine wala asijaze petroli injini ikiwa ya moto, vumbi la salfa linashika moto kwa cheche ndogo tu. Ile mifuko mitupu msiichome, salfa ikiungua inatoa gesi kali ya salfa dayoksaidi, na hiyo gesi kwa mwenye pumu ni mbaya kuliko unga wenyewe mara nyingi. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba waliyotumia mfuko wa salfa kuwashia jiko, nyumba nzima ilikuwa nje inakohoa kama kuku wa mdondo.

Haya, maziwa. Maziwa hayafiki kwenye mapafu, yanaenda tumboni, kwa hiyo kwa vumbi ulilovuta hayasafishi chochote. Kama anayapenda anywe, ni chakula. Lakini imani hii inakuwa hatari siku mtu amemeza dawa ya maji, kwa sababu nyingi zimechanganywa na mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, ukimnywesha maziwa anaweza kutapika, yale mafuta yakarudi yakaingia mapafuni, hapo ndo unamaliza kabisa. Aliyemeza dawa hatapishwi na hanyweshwi maziwa, anakimbizwa hospitali na chupa ya dawa mkononi.

Na hapo nimefika kwenye lile jambo ambalo wote wawili hawakuligusa. Salfa ina kelele. Inanuka, inawasha, ina rangi, unaiona. Zile za maji zinazopulizwa kwa pampu kuua ubwiriunga, mbu wa mikorosho na kunguni, wadudu wanaofyonza mikorosho, zimenyamaza, hazina rangi ya kutisha, baadhi zinaingia kupitia ngozi bila hata kuwasha, na humo kuna jamii ya dawa zinazoshika mishipa ya fahamu. Mtu akizidiwa na hizo utaona mate yanamjaa, jasho, mboni ya jicho inakuwa ndogo kama tundu la sindano, anaharisha, misuli inacheza yenyewe, anapumua kwa shida. Huyo hata dakika tano usimkalishe. Angalia chini ya lebo kuna mstari wa rangi, nyekundu ndo kali kuliko zote, halafu njano, halafu bluu, kijani ndo ya mwisho. Kama mzee anachanganya dawa ya wadudu na ya ukungu kwenye pampu moja kwa kubahatisha, au ananunua iliyopimwa kwenye chupa ya soda haina lebo, mi wasiwasi wangu uko huko kuliko kwenye mfuko wa salfa. Dawa zilizosajiliwa zinasimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ukiona ya kutiliwa shaka mwambie afisa kilimo wa kata apeleke huko. Na zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo kabla ya kuvuna zinahusu mabibo pia, watu wanadhani mabibo hayana mwenyewe.

Tuje kwenye kisima maana hapo nina hofu nyingine ambayo hukuniuliza. Salfa haiyeyuki kwenye maji ndo maana unaiona njano chini. Miezi yote ya kiangazi inalala juu ya bati pamoja na majani, vumbi na kinyesi cha ndege, mvua ya kwanza mwezi wa 11 au wa 12 inakuja inafagia kila kitu inakumwagia kisimani. Pale chini kwenye tope hakuna hewa, kuna bakteria wanaoishi bila hewa, wanaichukua ile salfa wanaigeuza gesi inayonuka mayai viza. Kwa hiyo harufu ni habari ya tope la chini, na hapo usihangaike kumwaga dawa ya klorini kwanza, tope na ile gesi vinaila klorini yote kabla haijamgusa mdudu. Toa tope.

Ila sikiliza hapa vizuri. Usimshushe mtu kwenye kisima kilichofunikwa chenye harufu hiyo. Ile gesi ikiwa nyingi inaua pua, yaani mtu anaacha kusikia harufu anadhani imeisha kumbe ndo imezidi, anaanguka, na anayeruka kumuokoa anaanguka juu yake. Fungueni mfuniko wazi siku nzima au zaidi, maji yatolewe kwa ndoo kutoka juu, pampu ya petroli isishushwe ndani kwa sababu moshi wake nao ni muuaji, na kama lazima mtu ashuke awe na kamba kiunoni na watu wawili juu wa kumvuta, akisema kichwa kinauma anatoka hapohapo. Mi mwenyewe nisingeshuka.

Mwaka huu kabla ya mvua, mwezi wa 10 hivi, panda ufagie bati na usafishe mifereji, na barakoa puani, na bomba la kuingiza kisimani liwe limechomolewa. Mvua ya kwanza iachie imwagike nje. Najua kumwaga maji Tandahimba ni dhambi, tumekulia kwenye kusubiri maji ya mradi kutoka bondeni, lakini hesabu yake ndogo: bati la mita 40 za mraba, kila milimita 1 ya mvua ni lita 40, ndoo mbili. Ukimwaga ndoo nne tano za mwanzo umeshapunguza uchafu mwingi, na bati likiwa limekaa miezi ya kupuliza bila kufagiwa basi iachie mvua yote ya kwanza, yakinge kwenye pipa ufyatulie tofali. Baada ya hapo ya kunywa chemsha au weka klorini, siyo kwa ajili ya salfa, ni kwa ajili ya kinyesi cha ndege, kuhara ndo kunakoua watoto kwenye maji ya bati. Na kupulizwa kwa dawa za maji karibu na kisima kilicho wazi hapana kabisa, hizo kuchemsha hakuzitoi.

Umesema korosho ndo kila kitu na mi sitakwambia muache salfa. Wazee wanakumbuka korosho ilivyoporomoka, nchi nzima ilifika tani 145,000 msimu wa 1973/74, ikashuka mpaka kama tani 16,500 msimu wa 1986/87. Sababu zilikuwa nyingi, watu kuhamishiwa vijijini wakaacha mashamba, bei mbaya, na ubwiriunga nao ukaingia ukamaliza maua. Salfa ni moja ya vitu vilivyoirudisha, na kwenye uwanda wetu wa Makonde usio na maji, unga ulikuwa na maana kuliko dawa ya kuchanganya na maji mapipa kwa mapipa. Kubadili kwenda dawa ya maji kunapunguza vumbi kweli, mtoto atapumua, ila unabadilisha anayepiga kelele kwa aliyenyamaza, na maji ya kuchanganyia uyatoe wapi. Kwa miti ile ya mlangoni labda inafaa, shamba zima sijui kama inalipa. Kinachopunguza salfa bila hasara ni kupogolea na kukata machipukizi yanayoota chini ya mti nje ya msimu, ukungu unajificha humo ukisubiri maua, na ukipanda upya nenda na miche ya kituo cha utafiti cha Naliendele inayovumilia ugonjwa.

Jambo moja la pembeni kwa kuwa ni mkulima. Salfa ikifika udongoni bakteria wengine wanaigeuza tindikali, na mchanga wetu hauna nguvu ya kuizuia. Piga hesabu: robo kilo kwa mti mara tano ni kilo moja na robo, eka yenye miti 28 ni kilo 35 kwa msimu. Kama yote ingegeuka tindikali ungehitaji zaidi ya kilo 100 za chokaa ya kilimo kuituliza, kila mwaka. Muhogo una roho ngumu, utavumilia, mahindi ndo yatakuonyesha. Majivu ya jikoni yanasaidia kidogo, yamwage shambani badala ya jalalani, na umwombe afisa kilimo mpime udongo.

Sasa kifua. Mtoto aende hospitali hata kama wiki hii yuko mzima, mwambie daktari neno filimbi na neno usiku, mpe daftari. Kikohozi kikipita wiki mbili apimwe TB pia, usikasirike wakikuambia hivyo, ni utaratibu. Kama ni pumu, dawa ya kuvuta kwa pampu ni bora kuliko sirapu za dukani, na haimfanyi mtoto awe mtumwa wake kama watu wanavyosema, muombe nesi akuonyeshe namna ya kuitumia na chupa ya plastiki ili dawa ifike ndani badala ya kubaki ulimini. Ila ukimuona anapumua mbio, mbavu zinaingia ndani, hawezi kumaliza sentensi wala kunywa, au midomo inabadilika rangi, hiyo siyo ya zahanati ya asubuhi, tafuta bodaboda usiku huohuo mfike hospitali ya wilaya, na wao wakiona vinginevyo watawapeleka hospitali kubwa, Ndanda au Ligula.

Na wifi yako aache kujaza mashine leo. Salfa yenyewe haijulikani kuharibu mimba, ila anayejaza naye anavuta vumbi zito, na siku wakibadilisha kuweka dawa ya maji hakuna atakayemkumbusha asiiguse. Kaka yake ajaze mwenyewe, akisimama upande upepo unapotokea.